Robert Koch

Robert Koch (jina kamili Heinrich Hermann Robert Koch, Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwamba kimeta, kifua kikuu na kipindupindu husababishwa kila kimoja na bakteria wa aina yake. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Kati ya miaka 1897 na 1907 Koch alifika mara tatu Afrika ya Mashariki. Alifanya kazi Dar es Salaam, Amani, Mwanza na katika visiwa vya Sese nchini Uganda, akichunguza malaria, tauni, magonjwa ya ng'ombe, homa ya papasi na malale. Baadhi ya kazi hiyo ilileta maarifa yanayotumika hadi leo, na nyingine iliwaacha watu vipofu.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, ambako madini ya fedha na risasi yalichimbwa kwa karne nyingi. Baba yake, Hermann, alikuwa ofisa wa migodi. Robert alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 13. Inasemekana alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti kabla ya kupelekwa shule. Alikulia basi katika mazingira ambayo mtoto wa Geita au Kahama angeyatambua: mashimo, vumbi la mawe na wazee wenye mapafu mabovu.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Jakob Henle, ambaye tangu 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza lazima yaletwe na viumbe hai vidogo, ingawa hakuwa na njia ya kuthibitisha. Koch alihitimu udaktari mwaka 1866, na mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz. Walizaa binti mmoja, Gertrud. Baada ya kuhama mji hadi mji akitafuta riziki, na baada ya kuhudumu katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa vya 1870–1871, aliteuliwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein (leo Wolsztyn, nchini Poland).

Kimeta

Wollstein ilikuwa wilaya ya wafugaji na kimeta kiliua ng'ombe na kondoo wengi. Koch hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini, chumba kilichogawanywa kwa pazia nyumbani mwake, na panya. Kwa kutumia vijiti vyembamba vya mbao alichukua damu ya wanyama waliokufa akawachoma nayo panya. Panya wakafa, na damu yao ikaonyesha vijiti vilevile vidogo. Kisha aliwakuza bakteria hao nje ya mwili, ndani ya tone la majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona kwamba mazingira yakiwa mabaya hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi. Hapo ikaeleweka kwa nini malisho fulani yaliendelea kuua mifugo hata baada ya mizoga kuondolewa.

Mwaka 1876 alipeleka kazi hiyo kwa profesa Ferdinand Cohn wa Breslau, ambaye aliikubali na kuichapisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bakteria mmoja kuthibitishwa kikamilifu kuwa chanzo cha ugonjwa mmoja. Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola.

Njia za maabara

Huko Berlin alipata wasaidizi, miongoni mwao Friedrich Loeffler na Georg Gaffky. Tatizo lao la kwanza lilikuwa namna ya kutenganisha bakteria wa aina moja na wengine. Ndani ya mchuzi bakteria huchanganyika, lakini juu ya kitu kigumu kila mmoja huzaa kundi lake mahali alipoangukia. Koch alianza na vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha gelatini. Gelatini ina kasoro kwamba huyeyuka katika joto la mwili wa binadamu. Suluhisho lilitoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti, alipendekeza agari, kitu kinachotengenezwa kutokana na mwani, ambacho yeye alikitumia kugandishia vyakula vitamu. Hadi leo maabara za hospitali zote duniani hukuza bakteria juu ya agari, katika sahani zenye jina la msaidizi mwingine wa Koch, Julius Richard Petri. Jina la Bi Hesse halikuwekwa kwenye chombo chochote.

Kutokana na kazi hiyo zikatokea kanuni zinazoitwa kanuni za Koch. Ili kusema kwamba kiumbe fulani husababisha ugonjwa fulani, lazima kionekane kwa wagonjwa wote wa ugonjwa huo, kitenganishwe na kukuzwa peke yake, kilete ugonjwa uleule kikiingizwa katika mnyama mzima, na kipatikane tena ndani ya mnyama huyo. Koch mwenyewe aligundua baadaye kwamba kanuni hizo hazitimiziki kila mara. Kwa mfano, kuna watu wanaobeba vimelea vya kipindupindu bila kuugua.

Kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza mbele ya wanasayansi wa Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo ulihesabiwa kuua mtu mmoja kati ya kila saba, na wengi waliudhani kuwa wa kurithi. Tarehe hiyo ndiyo sasa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Sababu ya bakteria huyu kutoonekana na wengine kabla yake inahusu gamba lake. Rangi ambazo ziliwapaka bakteria wengine kwa urahisi hazikumwingia. Koch alilazimika kuacha sampuli ndani ya rangi ya bluu iliyotiwa dawa ya aina ya magadi kwa saa nyingi, kisha akapaka rangi ya kahawia juu yake. Kila kitu kikawa kahawia isipokuwa vijiti vyembamba vya bluu. Muda mfupi baadaye Paul Ehrlich aliboresha njia hiyo akaona kwamba rangi ikishaingia haitoki hata kwa asidi. Kipimo cha makohozi kwa hadubini kinachofanywa katika vituo vya afya ni mtoto wa njia hiyo. Bakteria huyo pia hukua polepole mno: makundi yake juu ya maji ya damu yaliyogandishwa yalianza kuonekana baada ya wiki mbili hivi, wakati ambapo mtafiti asiye na subira angekwisha kuitupa sahani.

Mjini Berlin pia, mwaka 1884, daktari Mdenmark Hans Christian Gram alibuni njia nyingine ya kupaka rangi. Bakteria wengine walibaki na rangi ya zambarau, wengine wakaipoteza. Gram hakujua sababu, na Koch pia hakuijua. Tutairudia mwishoni mwa makala hii.

Kipindupindu

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Ujerumani ilimtuma Koch na Ufaransa ikatuma kundi la wanafunzi wa Louis Pasteur. Mmoja wa Wafaransa hao, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa mjini Alexandria, naye Koch pamoja na wenzake walishiriki mazishi yake. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch alisafiri hadi Calcutta, India, na huko mwanzoni mwa 1884 akamtenganisha bakteria mwenye umbo la mkato, akamkuta pia katika maji ya bwawa walilotumia wagonjwa. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amemwona bakteria huyo mwaka 1854, lakini hakusikilizwa.

Uthibitisho mkubwa zaidi ulitokea mwaka 1892 Hamburg, ambako kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000. Mji wa jirani, Altona, ulitumia maji ya mto uleule wa Elbe lakini uliyachuja kwa mchanga, nao uliathirika kidogo sana. Katika mitaa fulani mpaka wa ugonjwa ulifuata mpaka wa mabomba.

Tuberkulini

Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Aliiita tuberkulini na hakusema imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Baada ya miezi michache ilionekana kwamba dawa haiponyi, na baadhi ya wagonjwa walikufa baada ya kudungwa. Ikajulikana kwamba ilikuwa tu dondoo la bakteria wa kifua kikuu ndani ya gliserini. Tuberkulini ilibaki na faida moja: kama kipimo cha ngozi kinachoonyesha nani amewahi kuambukizwa.

Serikali ilikuwa tayari imemjengea taasisi ya magonjwa ya kuambukiza, iliyofunguliwa mwaka 1891 na ambayo leo ina jina lake. Lakini heshima yake ilipungua. Mwaka 1893 alimtaliki Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, jambo lililozungumzwa sana mjini. Kuanzia hapo alipenda kusafiri nchi za joto kuliko kukaa Berlin.

Afrika: sotoka, tauni na ndigana

Mwishoni mwa 1896 Koch aliitwa Kimberley, Afrika Kusini, kwa ajili ya sotoka. Ugonjwa huo ulikuwa umeshapita Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kumaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamasai, Wasukuma na wengineo. Kule Usukuma malisho yaliyokosa ng'ombe yaligeuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Koch alipendekeza ng'ombe wazima wadungwe nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Njia hiyo ilitoa kinga ya kiasi, kisha ikaachwa baada ya njia bora kupatikana.

Baada ya kupitia India alifika Dar es Salaam katikati ya 1897 akabaki hadi 1898. Alichunguza malaria kwa bidii. Sampuli alizoletewa na daktari wa jeshi Zupitza kutoka Kiziba, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria (leo mkoa wa Kagera), zilimwonyesha kwamba ugonjwa ulioua watu huko ulikuwa tauni hasa, na kwamba eneo hilo lilikuwa makao ya kudumu ya tauni barani Afrika.

Katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam aliona pia vimelea vidogo sana, akavidhani kuwa hatua changa ya ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani. Miaka sita baadaye, alipoitwa Rhodesia kuchunguza vifo vya ng'ombe, alitambua kwamba ni ugonjwa wa pekee uliotoka pwani ya Afrika ya Mashariki. Ni ule ambao wafugaji wa Tanzania huuita ndigana kali.

Homa ya papasi

Safari ya pili, mwaka 1905, ndiyo iliyozaa matunda zaidi. Wakati huo wasafiri wa misafara walishikwa mara kwa mara na homa kali iliyodumu siku chache, ikaondoka, kisha ikarudi baada ya wiki moja hivi, na kurudi tena. Wenyeji wa bara walijua inakotoka. Lawama waliiweka kwa papasi, kupe mwenye ngozi laini kama mfuko, anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku kunyonya damu ya waliolala. Wazungu walilichukua jambo hilo kuwa hadithi, na wengi waliihesabu homa yenyewe kuwa malaria.

Koch alichunguza damu ya wagonjwa akaona bakteria warefu waliojisokota kama msumari wa skrubu. Bakteria wa jinsi hiyo walikuwa wameonwa Berlin na Otto Obermeier katika homa ya kujirudia ya Ulaya, ile inayoletwa na chawa. Hapa hapakuwa na chawa. Alitembelea mabanda ya kulala wasafiri kandokando ya njia za misafara, akachimbua udongo wa sakafu karibu na nguzo na mahali pa kulala, akakusanya papasi na kuwapasua. Baadhi yao walikuwa na bakteria walewale. Aliwakuta hata ndani ya mayai, na papasi wachanga walioanguliwa maabara waliweza kuwaambukiza nyani bila kuwahi kunyonya damu ya mgonjwa. Maana yake ni kwamba nyumba yenye papasi hubaki na ugonjwa kizazi baada ya kizazi, hata ikikaa bila mgonjwa. Papasi mwenyewe anaweza kuishi miaka bila chakula.

Jambo lingine alilotambua ni kwamba watu wazima waliokulia katika nyumba zenye papasi waliugua kidogo tu, kwa sababu waliambukizwa utotoni wakapata kinga. Walioumia ni wageni na wapagazi waliotoka sehemu zisizo na papasi. Njia kuu ya misafara ilitoka pwani hadi Tabora, na tawi lake moja lilielekea kaskazini kupitia Usukuma hadi Mwanza. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na mizigo yao ilimbeba papasi kutoka kituo hadi kituo. Ushauri wa Koch kwa wasafiri ulikuwa rahisi: wasilale katika mabanda ya zamani, bali wapige hema mbali nayo. Ushauri huo ulimfaa mwenye hema. Mpagazi hakuwa nalo.

Koch hakuwa peke yake. Uganda, Philip Ross na A. D. Milne walikuwa wameeleza uhusiano wa kupe na homa hiyo mwaka 1904, na Kongo walifanya kazi Mwingereza Joseph Everett Dutton na Mkanada John Todd. Dutton aliambukizwa akafa Kasongo mwezi Februari 1905, akiwa bado kijana. Bakteria huyo leo anaitwa Borrelia duttonii kwa heshima yake.

Mwezi Julai mwaka huohuo vita vya Majimaji vilianza kusini mwa koloni. Koch alirudi Ujerumani kabla ya mwisho wa mwaka, na mwezi Desemba alipokea Tuzo ya Nobel mjini Stockholm.

Malale na visiwa vya Sese

Mwaka 1906 alirudi akiongoza kundi la madaktari, miongoni mwao Friedrich Karl Kleine na Robert Kudicke, ili kutafuta tiba ya malale. Ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria katika miaka michache. Kundi lilipita Amani likafika Mwanza katikati ya mwaka, lakini wagonjwa hawakutosha kwa uchunguzi. Kwa kibali cha Waingereza Koch akahamia visiwa vya Sese, ambako vijiji vizima vilikuwa vikiisha.

Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Koch aliwadunga atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka katika damu na wagonjwa wakapata nguvu. Kisha vikarudi. Koch akaongeza dozi hadi gramu nzima, ikirudiwa baada ya siku chache. Zaidi ya watu elfu moja walitibiwa hivyo. Wagonjwa 22 wakapofuka, na upofu huo haukuisha. Baada ya hapo alipunguza dozi, lakini hakuiacha dawa. Aliporudi Ulaya mwaka 1907 aliisifu mbele ya serikali yake, akashauri pia wagonjwa watengwe katika makambi, vichaka vya pwani vifyekwe na hata mamba wauawe, kwa kuwa aliamini mbung'o wa ziwani hutegemea damu yao.

Watetezi wake husema kwamba malale isiyotibiwa huua hakika, na kwamba hapakuwa na dawa nyingine. Ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba hatari ya atoksili kwa macho ilikuwa imeshajulikana, kwamba dozi za namna hiyo zilijaribiwa kwa watu waliokuwa chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba Ujerumani kwenyewe asingeruhusiwa kirahisi kufanya hivyo. Watafiti wa historia ya tiba, pamoja na wa Ujerumani, siku hizi huihesabu kazi ya Sese kuwa doa kubwa katika maisha yake. Waingereza waliwahamisha watu waliobaki visiwani miaka michache baadaye.

Ufyekaji wa vichaka ndio uliodumu kuliko sindano. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton alifanya majaribio yake makubwa Shinyanga, ambapo maelfu ya watu wa mtemi Makwaia wa Usiha walifyeka vichaka vilivyoota baada ya sotoka na kumrudisha nyuma mbung'o.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1901 jijini London Koch alikuwa amedai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakina hatari kubwa kwa binadamu. Alikosea, na dai hilo lilichelewesha hatua za kuchemsha maziwa katika baadhi ya nchi. Mwaka 1908 alizuru Marekani na Japani, ambako mwanafunzi wake wa zamani Kitasato Shibasaburo alimpokea kwa heshima kubwa. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa ugonjwa wa moyo. Mwili wake ulichomwa na majivu yakawekwa ndani ya jengo la taasisi yake mjini Berlin.

Gamba la bakteria na matundu yake

Koch aliwaona bakteria kama vijiti, mikato na skrubu zenye rangi. Kilichokuwa juu ya ngozi yao kilikuwa kidogo kuliko uwezo wa hadubini yake. Hadubini za elektroni za karne ya 20 zilionyesha kwamba bakteria wanaoipoteza rangi ya Gram wana tando mbili, ya ndani na ya nje, na kati yao ukuta mwembamba. Wale wanaobaki na zambarau, kama yule wa kimeta, hawana utando wa nje bali ukuta mnene.

Utando wa nje humkinga bakteria na sumu nyingi, lakini humletea tatizo: chakula kitaingiaje? Jibu ni protini zinazotoboa utando huo na kuacha mfereji wa maji katikati. Mwaka 1976 protini hizo zilipewa jina la porini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya njia. Halihusiani na pori la Kiswahili. Katika bakteria wa kawaida wa tumboni, mkanda wa protini hujikunja kuwa pipa lenye mbavu 16, na mapipa matatu husimama pamoja. Sukari na vipande vidogo vya protini hupita. Molekuli zenye uzito wa zaidi ya daltoni 600 hivi hukwama. Antibiotiki nyingi hutumia mlango huohuo, na bakteria anayepunguza porini zake huweza kuwa sugu kwa dawa hizo. Vankomaisini, yenye uzito zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho, haiwafai kabisa wagonjwa wa bakteria wa namna hii.

Bakteria wa kipindupindu ana porini mbili kuu, OmpU na OmpT, na akifika katika utumbo hutumia zaidi ile ya kwanza, ambayo humsaidia kuvumilia nyongo. Wa kifua kikuu ana gamba la nje la mafuta mazito kama nta, lilelile lililoikataa rangi ya Koch. Jamaa yake asiye na madhara, Mycobacterium smegmatis, ana porini yenye umbo la kikombe iitwayo MspA. Yeye hana porini ya aina hiyo, na vitu vingi humwingia polepole sana. Hiyo ni sababu mojawapo, ingawa si pekee, ya dawa nyingi kutomfaa na ya tiba ya kawaida kuchukua miezi sita. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga jambo hilo ni la kila siku, kwa sababu vumbi la silika linalotoka katika kupasua na kusaga mawe hudhoofisha mapafu ya mchimbaji na kumrahisishia bakteria huyo kazi.

Bakteria wa homa ya papasi alichelewa kuchunguzwa. Ana utando wa nje, lakini umejaa protini nyingine ambazo huzibadilisha mara kwa mara, kama mtu anayebadili kanzu asitambuliwe. Kila kanzu mpya huleta homa mpya, na ndiyo sababu homa hurudi. Wakati huohuo hawezi kujitengenezea mahitaji yake mengi, hivyo hutegemea kuyapata kutoka kwa binadamu au papasi. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani na Sweden pamoja na wenzao walitangaza kwamba wamepata katika Borrelia duttonii na ndugu zake protini ndogo inayotoboa utando huo, wakaiita Oms38. Ilikuwa protini ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa katika bakteria wa homa za kujirudia. Waliitoa katika utando wa bakteria, wakaiweka katika utando wa mafuta uliotengenezwa maabara, kisha wakapima umeme mdogo uliopita kila tundu lilipofunguka.

Homa ya papasi haijaisha Tanzania. Huonekana zaidi sehemu za kati na kaskazini-magharibi, katika nyumba za sakafu ya udongo, na ni hatari hasa kwa wajawazito, ambao wengi hupoteza watoto, na kwa watoto wachanga. Hutibika kwa dawa za kundi la tetrasaiklini au penisilini ikitambuliwa. Hutambuliwa kwa kupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, kama Koch alivyofanya. Mahali ambapo homa hupimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria peke yake, bakteria huyo haonekani.